Mtoto Aliyejitoa Uhai na «Ningalijua» ya Mzazi: Maswali Yenu na Majibu ya Washauri

Kwa kawaida safu hii huchanganya maswali ya kila aina. Safari hii tumeyaweka pamoja yale ya wazazi waliofiwa na watoto kwa kujiua, kwa sababu mfiwa wa msiba huu mara nyingi hudhani yaliyo moyoni mwake hayajawahi kumpata mtu mwingine. Hatukueleza popote namna kifo kilivyotokea. Tunawaomba nanyi mkituandikia mfanye vivyo hivyo, maana maelezo hayo yanaweza kumdhuru msomaji aliye katika hali mbaya.

«Wananiambia nisijilaumu. Nisijilaumu vipi?»

*Mwanangu wa kiume alijiua miezi 4 iliyopita, akiwa na miaka 19. Jioni ile alikula vizuri, akacheka na dada yake, akaniuliza kama shati lake la bluu limekauka. Kila usiku nairudia jioni hiyo. Ningalimwuliza. Ningalikaa naye. Ningaliona. Kila anayekuja ananiambia nisijilaumu, lakini hakuna anayenieleza nisijilaumu vipi. — Mama wa watoto wawili*

Pole sana, mama. Neno «usijilaumu» linamkataza mtu asihisi anachohisi, kisha linamwacha mikono mitupu. Kwa hiyo tutakupa kazi ya kufanya.

Kwanza vitazame vitenzi vyako mwenyewe. Ningalimwuliza, ningalikaa, ningaliona. Lugha yetu ina kiambishi kizima cha maumivu haya, na methali yake ipo: ningalijua huja baadaye. Lakini methali hiyo huambiwa mtu aliyeonywa akakaidi. Wewe hukuonywa. Uliulizwa kuhusu shati.

Akili ikishajua mwisho wa jambo, hurudi nyuma na kuyapanga upya yote yaliyotangulia ili yaelekee mwisho huo. Leo swali la shati linaonekana kama dalili. Jioni ile lilikuwa swali la kijana anayepanga kuvaa shati kesho, na huenda kweli alipanga. Mtu anayefikia kujiua mara nyingi huwa na nia mbili kwa wakati mmoja, ya kuishi na ya kukomesha maumivu, na nia hizo hupishana ndani ya saa chache, pengine dakika. Kicheko chake kwa dada yake hakikuwa lazima kiwe cha kuigiza. Isitoshe, vijana wengi huficha zaidi kwa wanaowapenda zaidi, wakiogopa kuwaumiza au kuwa mzigo. Hata daktari wa magonjwa ya akili, akiwa na mgonjwa mbele yake na maswali aliyoyaandaa, hawezi kubashiri kwa uhakika nani atajiua na lini. Wewe unajihukumu kwa kushindwa mtihani ambao wenye kusomea kazi hiyo wanaushindwa.

Sasa kazi yenyewe. Chukua karatasi, uigawe sehemu tatu kwa mistari miwili ya wima. Sehemu ya kwanza andika uliyoyaona na kuyasikia jioni ile. Ya pili, uliyoyajua baada ya kifo: kutoka kwa rafiki zake, simu yake, chuo, polisi. Ya tatu, ulichofanya kwa kile ulichokijua wakati huo. Fanya kwa dakika 20, mchana, mezani, kukiwa na mtu mwingine nyumbani. Tukio moja kwa siku. Muda ukiisha, weka kalamu chini hata kama hujamaliza.

Zoezi hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuandika tafsiri mahali pa tukio. «Alikuwa na huzuni» si jambo uliloliona; uliloliona ni kwamba alinyamaza kidogo baada ya kula. Ukikuta neno la hisia kwenye sehemu ya kwanza, jiulize ulijuaje, na mara nyingi utalihamishia ya pili. Huo uhamisho ndio dawa yenyewe: polepole utaona ni mangapi yaliyokaa upande usiokuwa wake. Njia ya pili ni kulifanya usiku kitandani. Usiku akili iliyochoka huzunguka tu, haipangi.

Na je, ukikuta jambo la kweli? Ugomvi, neno kali, siku alipotaka kusema nawe ukamwambia baadaye? Usilifute, na usimruhusu mtu alifute kwa haraka ili tu unyamaze. Liandike kwa ukubwa wake. Majuto husema, «Natamani ningalimsikiliza siku ile.» Hatia husema, «Nimemuua.» Hayo ni mambo mawili. Wazazi hugombana na watoto wao kila siku duniani, na watoto hao huamka kesho yake. Kujiua karibu kila mara hutokana na mambo kadhaa yaliyokutana: sonona au ugonjwa mwingine wa akili, aibu, kukosa usingizi, pombe, hasara fulani, na njia ya kujidhuru kuwa karibu saa ile mbaya. Jambo moja halitoshi kueleza kifo. Majuto ya kweli yaseme kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini, au mwandikie mwanao barua. Yakishasemwa mara kadhaa, hupungua ukali.

Kuhusu «kwa nini», tukuambie ukweli: utapata vipande. Wengi wanaojiua hawaachi barua, na aliyeacha aliandika kutoka ndani ya maumivu yaleyale yaliyomziba macho. Barua yake ni ushahidi wa hali ya saa moja. Isisomwe kama hukumu ya maisha yenu ya miaka 19. Ikiwa polisi wanayo, omba nakala sasa, kisha omba kwa maandishi urudishiwe ya asili uchunguzi ukiisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Hatuzitaji namba hizi kukufariji. Tunazitaja kwa sababu nyuma yake kuna nyumba za kila namna, za wazazi wakali na wapole, za wenye nacho na wasio nacho.

«Tumemwambia mdogo wake kuwa kaka amesafiri»

*Binti yetu ana miaka 6. Siku ya msiba tulishindwa, tukamwambia kaka yake yuko safarini. Sasa anauliza atarudi lini. — Wazazi*

Rekebisheni wiki hii. Mtoto wa miaka 6 akiambiwa mtu amesafiri, husubiri. Akiambiwa amelala, huanza kuogopa kulala. Na neno «kujiua» atalisikia kwa watoto wenzake. Ni heri alisikie kwenu kwanza.

Kaeni naye wote wawili, mchana, mahali anapopazoea. Anzeni kwa kufuta uongo: «Tulikwambia kaka amesafiri. Hatukusema kweli, kwa sababu tulikuwa na huzuni nyingi. Kaka amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi.» Nyamazeni kidogo. Akiuliza amekufaje: «Kaka alikuwa anaumwa kwenye mawazo, akaumwa sana mpaka akashindwa kuona kwamba angeweza kupona. Aliuumiza mwili wake mwenyewe hadi akafa. Hiyo huitwa kujiua.» Inatosha. Namna haielezwi kwa umri huu. Akiuliza, mwambieni kuwa mwili uliumia sana, na kwamba mtaongea zaidi akikua.

Kisha yapo matatu ambayo watoto huyaogopa bila kuyauliza, kwa hiyo yasemeni wenyewe: si kwa sababu ya jambo lolote alilosema au alilofanya, haambukizwi, na baba na mama wapo, watamtunza. Usiongeze «sisi hatutakufa kamwe». Ni ahadi isiyowezekana, na ameshajua kuwa watu hufa.

Pengine atasikiliza dakika tano akaenda kucheza. Si ukosefu wa huzuni. Watoto hunywa uchungu kwa mafunda madogo. Atauliza tena kesho na wiki ijayo, nanyi mjibu kwa maneno yaleyale, maana anapima kama jibu limebadilika. Mwambieni mwalimu wake maneno mliyotumia, ili shule isimpe hadithi nyingine.

Kama nyumbani kuna kijana mkubwa zaidi, muulizeni waziwazi: «Je, umewahi kufikiria kujiua?» Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kwa aliye nalo, hufungua mlango. Na akijibu ndiyo, usihutubie wala kulia kwa sauti mbele yake. Mshukuru kwa kusema, usimwache peke yake, mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

«Mke wangu anasema sikumpenda binti yetu»

*Nilirudi kazini baada ya wiki 2. Nyumbani narekebisha mlango, napaka rangi uzio. Mke wangu analia kila siku na anataka tuongee. Ananiona sina moyo. — Baba*

Baba, pole. Wanasaikolojia Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili: kuukabili msiba wenyewe, na kuyajenga upya maisha yaliyobaki. Mwenye afya hugusa zote mbili. Mke wako sasa anakaa zaidi upande mmoja, wewe upande wa pili, na kila mmoja anamwona mwenzake kama aliyemkimbia.

Jaribuni hivi. Siku tatu kwa wiki, dakika 15, saa iliyopangwa. Mmoja anasema kwa dakika saba, mwingine anasikiliza bila kujibu wala kurekebisha, kisha mnabadilishana. Ukikosa la kusema, sema jambo moja dogo tu ulilomkumbuka nalo binti yenu. Muda ukiisha mnaacha, na hilo ndilo litakalokupa wewe ujasiri wa kuanza, kwa sababu unajua kuna mwisho. Siku nyingine mke wako naye akusaidie uzio huo, hata kwa kushika kopo la rangi. Swali la «nani alaumiwe» lisiingie katika dakika hizo. Hilo lipelekeni kwa mshauri nasaha, akiwapo mtu wa tatu. Na takwimu za kutisha mnazosikia, kwamba karibu kila ndoa huvunjika baada ya kifo cha mtoto, hazina utafiti wa kuaminika nyuma yake.

«Miezi 14 imepita, natamani kumfuata»

*Binti yangu aliondoka miezi 14 iliyopita. Nimeacha kutoka. Natamani nimfuate. Ndugu amenipa vidonge vya usingizi, nameza kila usiku tangu miezi 2 iliyopita. — Mama mpweke*

Mama, jibu hili ni la leo, usilisubirishe.

Kutamani kuwa na mtoto wako alipo ni jambo ambalo wazazi wengi waliofiwa hulihisi. Lakini wazazi waliofiwa kwa namna hii pia wamo hatarini zaidi ya watu wengine, kwa hiyo hatutalipita juujuu. Jiulize maswali matatu. Je, umewahi kuwaza ungefanyaje? Je, una kitu cha kufanyia ndani ya nyumba? Je, umefikiria siku? Jibu moja tu likiwa ndiyo, mwite mtu sasa hivi na umwambie kwa maneno haya: «Ninafikiria kujiua, njoo ukae nami.» Usiseme «sijisikii vizuri», maneno hayo hupita masikioni. Chochote unachokiwazia kitoke nyumbani, pamoja na akiba ya vidonge, kishikwe na mtu mwingine. Kisha hospitali iliyo karibu, idara ya dharura, au namba ya dharura ya nchi yako. Saa kali za wazo hili hupanda na kushuka, na kuvuka saa hizo ukiwa na mtu kando yako kunaokoa maisha.

Hata kama majibu yote ni hapana, hali yako inahitaji tiba. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 unaitambua huzuni ya muda mrefu ya ufiwa kama hali inayotibika: mtu anamtamani marehemu kila siku au anawaza juu yake tu, kwa uchungu mkali, kwa zaidi ya miezi 6, na maisha yamesimama. Haimaanishi kwamba unalia kupita kiasi au imani yako ni haba. Kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahsusi kwa hali hii, ya vikao 16 hivi, kwa kawaida kimoja kwa wiki, ambamo unaisimulia habari ya kifo hatua kwa hatua na mtaalamu, huku ukirudi kidogo kidogo kwenye mambo uliyoyaacha. Ukimwona daktari mwambie: «Ni miezi 14, sitoki nyumbani, natamani kufa.» Sentensi hizo tatu zitampa haraka picha anayoihitaji. Na kama picha ya siku ile hukurudia kwa nguvu, hata ukasikia harufu au sauti zake, litaje kando, kwa maana hicho ni kiwewe nacho kina tiba yake.

Vidonge. Huenda ulivyopewa ni dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, na dawa hizo hazipendekezwi kwa mfiwa asiye na ugonjwa wa akili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema hivyo waziwazi. Huzoesha mwili, na zikichanganywa na pombe huweza kuzuia pumzi. Lakini umetumia miezi 2: usiache ghafla. Kukata kwa siku moja kunaweza kuleta kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata degedege. Peleka kopo lenyewe kwa daktari, asome jina na miligramu, akupangie kupunguza kidogo kidogo.

Usingizi unasaidiwa pia na mambo madogo: kuamka saa ileile kila siku hata kama hukulala, kutoka nje kwenye mwanga wa asubuhi dakika 20, na kuinuka kitandani ukikaa macho zaidi ya dakika 20 badala ya kupigana na mto.

«Rafiki yangu amefiwa hivi, naogopa kukosea»

Kukaa kimya ndiyo kosa linalouma zaidi. Mwambie, «Nimesikia kuhusu Fulani. Pole. Sina neno la kutosha.» Litaje jina la mtoto. Usiulize alifanyaje, usiseme «ni mipango» wala «afadhali una wengine», na usimhukumu marehemu mbele ya mzazi wake. Badala ya «ukihitaji chochote niite», leta kitu chenye saa: «Jumanne saa 10 nakuja kuchukua nguo za kufua.» Watu hujaa wiki ya kwanza na kupotea mwezi wa tatu, wakati ganzi inapoisha na uchungu kuanza hasa. Wewe weka alama kwenye kalenda yako: mwezi wa 3, wa 6, siku ya kuzaliwa ya mtoto, siku ya kifo.

«Simu yake, chumba chake»

*Simu ya mwanangu ina namba ya siri nisiyoijua. Chumba chake ndugu wanataka kukisafisha. — Mama*

Chumba hakina tarehe ya mwisho, na mwenye kusema siku ni wewe. Anayesafisha kwa nia njema ukiwa umelala anaweza kukupotezea kitu kisichorudi. Kabla ya chochote kuguswa, piga picha: kila ukuta, kitanda, ndani ya kabati, vitu vilivyo mezani jinsi alivyoviacha. Ukianza, tumia maboksi matatu: vinavyobaki, vya kutoa, na visivyoamuliwa. La tatu litakuwa kubwa kuliko yote. Lifunge, liandike tarehe, lifunguliwe baada ya miezi 6.

Simu inataka uangalifu zaidi. Usibahatishe namba ya siri. Simu nyingi hujifunga kwa muda mrefu zaidi kila unapokosea, na baadhi zimewekwa zifute kila kitu. Laini yenyewe, ikiwa na namba yake ya siri, hufungwa ukikosea mara 3, nayo namba ya kuifungulia ikikosewa mara 10 laini inakufa. Iweke simu na chaji, zima intaneti isije ikafutwa kutoka mbali, kisha nenda kwa kampuni ya simu na cheti cha kifo kuuliza taratibu zao. Usiipeleke kwa fundi anayeahidi kuifungua kwa kuiwasha upya. Mara nyingi maana yake ni kuifuta.

Laini ilipiwe au iongezwe salio mara kwa mara. Laini iliyokaa bila kutumika hufungwa na kampuni, na baadaye namba hupewa mtu mwingine: siku moja unaona kwenye jina la mwanao picha ya mtu usiyemjua. Akaunti ya WhatsApp iliyokaa siku 120 bila kutumika kwa kawaida hufutwa. Akaunti ya Google inaweza kufutwa baada ya miaka 2. Kwa hiyo anza na yaliyo katika simu yako mwenyewe: ujumbe wake wa sauti, picha alizokutumia, mazungumzo yenu. Yahamishe mahali pawili tofauti, kwa mfano kompyuta na kadi ya kumbukumbu, na umpe ndugu nakala.

Simu ikifunguka, usiwe wewe wa kwanza kuisoma. Mpe mtu mtulivu aliyempenda mwanao, asome peke yake, kisha akuulize ungependa kujua nini. Ukishasoma huwezi kutosoma.

Na kama ipo nguo yake ambayo haijafuliwa, usiikimbize majini. Ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki mzito unaofungika, toa hewa, funga, weka mahali pakavu pasipopigwa jua. Ifungue mara chache, kwa sababu kila ukiifungua harufu yake hupungua.